Miche Chini ya Taa za Tyubu: Dalili, Visababishi na Pa Kuiweka Taa

Mche ukianza kuonyesha shida ndani ya nyumba, mkono hukimbilia mbolea au kopo la maji. Anza na rula. Pima umbali kutoka kwenye tyubu hadi kwenye jani la juu kabisa la mche, si hadi kwenye udongo wala ukingo wa trei, kisha andika namba hiyo. Kwa tyubu za kawaida za floresenti, yaani T8 na zile nene za zamani za T12, inatakiwa iwe kati ya sentimita 5 na 10. Kwa T5 za nguvu kubwa, ambazo ni nyembamba lakini zinatoa mwanga mwingi zaidi, ni sentimita 10 hadi 20. Kama namba yako iko mbali na hizi, mshukiwa wa kwanza umeshampata.

Umbali mdogo namna hii huwashangaza watu kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha. Sebule yenye taa usiku huwa na luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) mia chache tu, ilhali jua la mchana kweupe hufika karibu luksi 100,000, na bado kote kuwili tunaona vizuri. Mche hauwezi kujirekebisha hivyo. Miche ya mboga inataka takribani luksi 10,000 hadi 15,000 kwenye majani yake, kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku, na tyubu za floresenti zinaweza kufikisha kiasi hicho zikiwa karibu tu. Tyubu moja ndefu ukiisogeza mara mbili ya umbali wake, mwanga unaofika kwenye jani hupungua kwa takribani nusu. Zikiwa mbili au nne zimepangwa sambamba, mwanga hupungua polepole zaidi, lakini hupungua. Bahati nzuri, floresenti haina joto kali kama balbu za zamani za waya, ndiyo maana inawezekana kuiteremsha mpaka karibu iguse majani bila kuyaunguza.

Jambo jingine la kushika kabla ya kuingia kwenye dalili zenyewe: hukumu kwa jani jipya. Shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi, na jani lililopauka halipati tena kijani chake chote. Ukirekebisha taa leo, jibu litakuja na majani yatakayochipua ndani ya wiki moja hivi. Kwa hiyo rekebisha kitu kimoja, subiri, tazama. Anayeteremsha taa, akaongeza mbolea na kuhamisha trei siku hiyo hiyo hatajua kipi kilichosaidia.

## Shina refu, jembamba, linalolala

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na karibu kila mara linahusu mwanga. Utazame kwa karibu mche wa nyanya wenye shida hii. Kipande cha shina kati ya udongo na majani mawili ya mwanzo kina sentimita 7 au 8, ni cheupe-cheupe karibu na udongo, na ukiupulizia pumzi kidogo mche unayumba na kuchelewa kusimama. Majani ni madogo na yamekaa mbalimbali. Mche unafanya kile ambacho ungefanya kichakani: unatumia akiba yake yote kupanda juu kutafuta mwanga.

Lakini taa kuwa mbali ni sababu moja tu kati ya kadhaa, na shina lenyewe litakuambia ni ipi, kwa sababu limejijenga kutoka chini kwenda juu na kila kipande kimebeba hali ya siku zake. Angalia urefu umetokea wapi.

Kama kipande cha chini kabisa, kile kilicho chini ya majani mbegu, yaani yale mawili ya mwanzo, ni kirefu lakini vipande vya juu yake ni vifupi na vinene, tatizo lilikuwa siku za kuota. Mwanga ulichelewa. Kipande hicho hurefuka haraka sana mara tu mbegu inapopasua udongo, na mche ukikaa gizani siku moja au mbili tu, umeshaharibika sura. Watu wengi husubiri mbegu zote ziote ndipo wawashe taa. Hapo ndipo miche iliyotangulia inapopotea. Taa iwe imeshawekwa sentimita 5 juu ya udongo na inawaka kabla ya chipukizi la kwanza kuonekana. Kama ulifunika trei kwa plastiki, ondoa mara machipukizi yanapotokeza, na kama ulitumia mkeka wa kupasha joto, uzime.

Kama kipande cha chini ni kifupi na kizuri, lakini vipande vinavyofuata vinazidi kurefuka, basi mwanzo ulikuwa sawa na kitu kimebadilika katikati. Huenda taa iliinuliwa mno kwa kuogopa kuunguza, au tyubu imechoka, au saa za kuwaka zimepungua kwa sababu mtu ndiye anayewasha na kuzima. Taima ya bei ndogo kwenye soketi inamaliza hilo la mwisho, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko tyubu yoyote ya kifahari.

Kisha kuna msongamano. Miche ikianza kugusana majani hurefuka hata kama taa iko mahali pake. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule mwekundu wa mbali upite au urudi, ule ambao jicho huuona kwa shida, na mche jirani hutambua mabadiliko hayo kuwa kuna mpinzani karibu. Utajua ni msongamano kwa sababu miche ya katikati ya kundi ndiyo mirefu zaidi, ilhali ya pembeni ni mifupi. Hapa kuteremsha taa hakutasaidia kitu. Punguza miche kwa kuikata na mkasi usawa wa udongo, au ihamishie kwenye vikopo vyake.

Na joto. Chumba chenye joto na mwanga hafifu ni mchanganyiko mbaya, maana joto linausukuma mche ukue wakati mwanga haujautengenezea chakula cha kutosha. Kama huwezi kuongeza mwanga, punguza joto, hasa usiku. Feni ndogo inayotikisa majani polepole, au kuipitishia miche kiganja mara chache kwa siku, huifanya iwe mifupi na migumu zaidi. Kutikiswa kunaufanya mche uimarishe shina, lakini hakuchukui nafasi ya mwanga.

Miche iliyokwisha kurefuka inaokolewa kulingana na aina yake. Nyanya hutoa mizizi kwenye shina, kwa hiyo ukiihamishia kwenye kikopo izike mpaka karibu na majani mbegu, au hata juu zaidi. Kabichi na jamaa zake zinakubali kuzikwa mpaka usawa wa majani mbegu. Letusi usiizike moyo wake, itaoza. Iliyorefuka sana ni afadhali kusia upya.

## Namna ya kuifikisha taa pale inapotakiwa

Taa iliyoning'inizwa kwa minyororo miwili na ndoano ndiyo rahisi kuliko zote: unapandisha pingili moja kila miche inapokua. Kama taa imefungwa moja kwa moja chini ya rafu na haisogei, sogeza miche. Weka vipande vya mbao au vikopo vilivyopinduliwa chini ya trei, na uviondoe kimoja kimoja kadiri miche inavyopanda. Njia zote mbili ni sawa, ila angalia umbali kila baada ya siku mbili, kwa kuwa nyanya zilizochangamka zinaweza kuigusa tyubu kabla hujarudi kuzitazama. Chomoa plagi kabla ya kusogeza chochote, na mikono iwe mikavu.

Usichanganye chini ya taa moja mimea ya kimo tofauti bila kuipanga. Taa hufuata mche mrefu kuliko wote, na mifupi ndiyo inayoumia. Kama huna taa ya pili, iinamishe hiyo moja: upande mmoja juu kwa ajili ya nyanya, upande mwingine chini kwa ajili ya pilipili ambazo bado ndogo. Au nyanyua mifupi kwa mbao. Trei moja, aina moja ya mmea, ndio utaratibu unaopunguza usumbufu.

## Miche inaelemea upande mmoja

Ikiwa yote imeelemea upande mmoja, kuna dirisha linaloishinda taa yako, na hiyo ni habari kuhusu taa: iko juu mno au ni dhaifu mno. Kugeuza trei kila siku kutainyoosha miche, lakini hakutaongeza mwanga.

Ikiwa ya pembeni inaelemea ndani na ya katikati imenyooka, dirisha halina hatia. Tyubu hutoa mwanga mdogo zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati, na miche iliyo nje ya mstari wa tyubu inapata mabaki. Tyubu mbili sambamba zinatosha upana wa takribani sentimita 30, si zaidi. Ukitaka kulisha trei mbili zilizopangwa bega kwa bega, tafuta tyubu nne. Miche inayohitaji mwanga mwingi, kama nyanya na pilipili, ikae katikati. Letusi na kabichi zivumilie ncha. Zungusha trei mara mbili kwa wiki.

Kabla ya kununua taa nyingine, zungushia sehemu hiyo kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, au karatasi nyeupe. Mwanga mwingi wa floresenti hutoka kwa pembeni na kupotelea chumbani. Kuta nyeupe zinaurudisha kwenye majani. Hakikisha pia tyubu ina kiakisi juu yake, kwa sababu nusu ya mwanga wake unaelekea darini.

## Majani ya juu yamepauka, yamejikunja au yana madoa makavu

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kupandisha taa hadi nusu mita, wakarudi kwenye shina refu. Tulia kwanza utofautishe.

Doa kavu la kahawia kwenye ncha ya jani moja moja, hasa yale yaliyokuwa juu kuliko mengine, ni jani lililogusa tyubu. Pandisha taa sentimita chache, basi.

Kupauka kunakofuata mstari wa tyubu, yaani miche iliyo chini yake kabisa imekuwa njano-nyeupe kwa juu huku ya pembeni ni ya kijani, ni mwanga kupita kiasi. Kwa T8 hutokea mara chache. Kwa T5 za nguvu kubwa hutokea kwa urahisi. Weka mgongo wa kiganja chako usawa wa majani kwa nusu dakika. Ukihisi joto linalokera, pandisha taa sentimita 5 na upime tena.

Njano inayoanzia majani ya chini na kupanda juu si kazi ya taa. Mche unakosa naitrojeni, au umelowa maji mpaka mizizi haipumui. Shika kikopo: kama ni kizito siku zote, acha kumwagilia, kama kinapata nafasi ya kukauka kidogo na miche ina majani halisi (yale yanayokuja baada ya majani mbegu) mawili au zaidi, mpe mbolea ya maji iliyozimuliwa kwa nusu. Njano kwenye majani mapya huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na mara nyingi ni kwa sababu maji au udongo una alkali nyingi, au mizizi imezama.

Nyanya zikitoka madoa ya njano yaliyotapakaa bila mpangilio, uliza taa inawaka kwa saa ngapi kwa siku. Nyanya haivumilii mwanga wa saa 24 mfululizo. Majani yake huharibika. Mpe giza la saa 8 kila usiku.

## Majani yana rangi ya zambarau kwa chini

Kwa kawaida ni baridi. Udongo ukiwa baridi mizizi hushindwa kuchukua fosforasi, hata kama imo tele, na zambarau hujitokeza chini ya majani na kwenye shina. Trei zilizowekwa juu ya sakafu tupu hupatwa na hili. Ziinue, uweke ubao au kadibodi chini yake. Kuna aina za nyanya, kabichi na mrehani ambazo ni za zambarau kwa asili yake, kwa hiyo soma pakiti ya mbegu kabla ya kuhangaika.

## Umbali ni sahihi, lakini miche imedumaa

Sasa ichunguze taa yenyewe. Tyubu hupoteza mwanga kadiri inavyotumika, na inafanya hivyo taratibu mno kwa jicho kugundua. Ncha zikiwa nyeusi, muda wake umekwisha. T12 za zamani huchoka mapema kuliko T8 na T5. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya tyubu mpya siku unapoiweka, ili usibaki kukisia. Kisha futa vumbi, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Baridi ya chumba nayo hupunguza mwanga wa floresenti. T8 hutoa mwanga wake kamili hewa inayoizunguka ikiwa karibu nyuzi 25 za Selsiasi, na T5 karibu nyuzi 35. Kwenye stoo yenye baridi zote zitakuwa hafifu, na hapo zile kuta nyeupe za kadibodi zinasaidia mara mbili, kwa kuwa zinahifadhi joto pia.

Programu ya kupima luksi kwenye simu haina usahihi wa kipimo cha maabara, lakini ni nzuri kwa kulinganisha. Laza simu usawa wa majani, kamera ya mbele ikitazama juu, maana kihisi cha mwanga huwa karibu nayo. Pima katikati, pima kwenye kona nne, linganisha tyubu ya zamani na mpya. Kona ikisoma theluthi tu ya kipimo cha katikati, umeshajua kwa nini miche ya huko ni midogo. Washa taa dakika kumi hivi kabla ya kupima, kwani floresenti haifiki mwanga wake kamili papo hapo.

Kuhusu rangi ya mwanga, naona watu wanaipa uzito kupita inavyostahili. Kwenye tyubu nyingi kumeandikwa namba kama 865 au 830. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha rangi: 65 ni kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, mwanga mweupe wenye buluu nyingi, 30 ni kelvini 3000, wenye unjano. Kwa miche, 865 au 840 inafaa, na buluu yake husaidia mimea ibaki mifupi. Tyubu maalumu za mimea zenye mwanga wa waridi si lazima kwa hatua hii. Tyubu ya kawaida ya 865 ikiwa sentimita 6 juu ya jani itaishinda ya gharama iliyoning'inizwa sentimita 40.

Kama taa, joto na maji vyote viko sawa na mche bado haukui, uutoe kwenye kikopo. Mizizi iliyojizungusha chini inaomba kikopo kikubwa. Mizizi ya kahawia inayoteleza imeoza.

## Miche ilisimama jana, leo imelala

Usichanganye hili na shina refu. Inama uangalie pale shina linapoingia udongoni. Kama limebonyea, jembamba kama uzi, limekuwa kahawia na kulowa, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni, na taa haihusiki. Mche huo hauponi. Utoe pamoja na udongo wake, punguza maji, ruhusu hewa ipite, na safari nyingine tumia trei zilizooshwa na udongo safi. Kama shina ni zima na la kijani ila limepinda tu, huo ni urefu au kiu.

Utandu wa kijani juu ya udongo ni mwani. Wenyewe haudhuru, lakini unakuambia kuwa udongo haukauki kamwe, na hayo ndiyo mazingira ya kinyausi. Mwagilia kutoka chini, kwa kuweka maji kwenye trei ya nje kwa dakika 20 kisha kumwaga yaliyobaki.

## Tyubu inapepesa au haiwaki

Izungushe kwanza kwenye vishikio vyake; mara nyingi imelegea tu. Kwa taa zenye choki ya zamani, kile kifaa kizito kinachodhibiti umeme wa tyubu, badilisha stata, yaani kikopo kidogo kinachoiwasha, ndipo ubadilishe tyubu, na mwisho kabisa choki, ambayo ni kazi ya fundi umeme. Usiiache ikipepesa kwa siku kadhaa ukidhani miche inapata kitu.

Tyubu ikivunjika, kumbuka ina zebaki kidogo ndani. Watoe watu chumbani, fungua madirisha kwa dakika 10 hivi, kisha vaa glavu, okota vipande kwa karatasi ngumu na umalizie unga kwa utepe unaonata. Usitumie ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi, vitaisambaza. Trei iliyoangukiwa na vipande, mimi ningeitupa yote, udongo na miche pamoja.

## Ilikuwa mizuri ndani, nje imekuwa myeupe

Luksi 15,000 za tyubu si chochote mbele ya jua. Majani yaliyozaliwa chini ya floresenti hayajajiandaa, na saa chache za jua la mchana huyageuza meupe kama karatasi, hata kwa mche mnene ulioutunza vizuri. Anza na kivuli chepesi kwa saa moja au mbili, ongeza kila siku kwa siku 7 hadi 10, huku ukipunguza maji kidogo, na jua kali la adhuhuri lije mwishoni. Mche ukipauka siku ya pili, urudishe kivulini bila kuutupa. Nukta ya kukua, pale juu panapochipua majani, ikiwa bado ya kijani, utatoa majani mapya yanayoliweza jua.